Darasa la Sayansi Si Mahali pa Kunakili

KILA mwanzo wa mwaka, mzazi ambaye mtoto wake amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hupokea karatasi ya maelekezo kutoka shuleni. Karatasi hiyo humweleza kila kitu kinachotakiwa: sare jozi mbili, viatu vyeusi, madaftari makubwa, jembe au fyekeo, fagio la ndani na la nje, na pengine rimu ya karatasi. Humweleza pia makosa yatakayomfukuzisha mtoto shule. Mzazi huisoma, huhesabu fedha zake, na huhangaika mpaka kila kitu kipatikane.

Lakini karatasi hiyo haisemi ni nini kinachotarajiwa kwa mtoto huyo atakapoingia katika chumba cha sayansi. Haisemi atafanya kazi gani kwa mikono yake, kazi hizo zitapewa uzito gani, wala ni mwenendo gani utakaohesabiwa kuwa ni wa mwanafunzi wa sayansi. Basi mtoto huingia darasani akidhani kuwa sayansi ni maneno mengi ya kukariri, tofauti yake na masomo mengine ni kwamba maneno yenyewe ni magumu zaidi. Na kwa bahati mbaya, mara nyingi hapati mtu wa kumwondolea dhana hiyo mpaka anapomaliza kidato cha nne.

Leo tunataka kusema juu ya karatasi hiyo ya pili, ile ambayo haijaandikwa. Tunaamini kwamba kila mwalimu wa sayansi katika sekondari zetu anapaswa kuuanza mwaka kwa kuwatangazia wanafunzi wake, kwa maneno machache na yanayoeleweka, mambo anayoyatarajia kutoka kwao na kazi watakazozifanya. Na jambo la kwanza katika orodha hiyo liwe ni ukweli: mwanafunzi aandike kile alichokiona na kukipima mwenyewe, si kile alichokikuta kimeandikwa kitabuni au katika daftari la mwenzake.

KWA WOTE

Inafaa ikumbukwe kuwa sayansi ya kidato cha kwanza na cha pili katika nchi yetu haikuwa somo la wateule. Kwa miaka mingi kila mwanafunzi wa ngazi hiyo amesoma Fizikia, Kemia na Biolojia, na Biolojia ameendelea nayo hadi kidato cha nne, awe anatazamia kuwa daktari au kurudi shambani. Mwaka 2005 Fizikia na Kemia ziliunganishwa kuwa somo moja, na muda si mrefu zikatenganishwa tena. Mabishano ya wakati ule yalihusu jina la somo na idadi ya vipindi. Lakini swali kubwa zaidi, yaani mwanafunzi anafanya nini ndani ya kipindi hicho, halikupata nafasi ya kutosha katika mabishano hayo.

Wengi wa vijana wanaokaa katika madarasa hayo hawatakuwa wanasayansi. Watakuwa wakulima wa kuchanganya dawa ya mimea kwa kipimo, akina mama na akina baba wa kusoma maelekezo ya dawa ya mtoto mgonjwa, mafundi wa kupima saruji na mchanga, na makarani wa vyama vya ushirika wa kusoma mizani ya pamba na korosho. Kwa vijana hawa, darasa la sayansi ndilo pekee shuleni ambako mtu anafundishwa kupima kitu na kutoa taarifa ya kweli ya alichopima. Wakiondoka hapo bila ya kujifunza hilo, hakuna darasa jingine litakalowafundisha.

SWALI LA MPEMBA

Hatuna haja ya kwenda nchi za mbali kutafuta mfano wa kile tunachokisema. Mfano upo hapa kwetu, na dunia nzima inaujua kwa jina la kijana wa Kitanzania.

Mwaka 1963 Ndugu Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, wilayani Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya sukari, kisha wakasubiri yapoe kabla ya kuyaingiza katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa chache, na Mpemba akaogopa kuikosa. Akayaingiza maziwa yake yakiwa ya moto. Aliporudi baada ya saa moja na nusu alikuta maziwa yake yamekwisha kuganda, hali ya mwenzake, ambayo hayakuwa na moto wakati wa kuingizwa, yakiwa bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa Fizikia, akajibiwa kuwa amechanganyikiwa. Alipokwenda kuendelea na masomo Mkwawa, mjini Iringa, aliuliza tena, na huko akaambiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba wala si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaligeuza jambo hilo kuwa mzaha wa kila siku. Lakini kijana huyo hakuacha. Alichukua vyombo viwili, akatia maji ya moto katika kimoja na maji ya kawaida katika kingine, akaviweka katika jokofu la maabara ya Biolojia, akatazama mwenyewe.

Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alisimama mbele ya wote na kumwuliza swali lile lile. Wanafunzi wakacheka. Profesa hakucheka. Alikiri kwamba hajui, akaahidi kwenda kujaribu. Huko chuoni fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta taarifa kuwa maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, lakini akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka lipatikane jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha kwa pamoja makala yao katika jarida la Physics Education la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kwa kujivunia, na kujivunia huko ni haki yetu. Lakini sisi tunaona kuwa ina onyo ndani yake. Mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Wapo waliochapisha matokeo ya kulipinga mwaka 2016, na wapo wanaoendelea kulitafutia sababu. Hata ikija kuthibitishwa kuwa lina maelezo mengine kabisa, Mpemba atabaki kuwa ndiye aliyeifanya kazi ya sayansi siku ile: aliona, akauliza, akajaribu, akasema alichokiona. Katika darasa lake kilichotarajiwa kwa mwanafunzi kilikuwa ni kukubali. Hata fundi wa chuo kikuu, kwa mazoea hayo hayo, alikuwa na jibu lake kabla ya kufungua mlango wa jokofu.

Tunajiuliza: ni akina Mpemba wangapi walioketi chini wakanyamaza baada ya kicheko cha kwanza? Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwalimu anayewaachia wanafunzi wake wamcheke mwenzao aliyeuliza amekwisha kuwafundisha wote somo moja litakalokaa vichwani mwao kuliko mengine yote, nalo ni kwamba usalama wa mtu upo katika kunyamaza.

JIWE NA UZI

Tuchukue kazi moja ya darasani ambayo haihitaji hata senti moja ya serikali. Mwanafunzi anafunga jiwe dogo kwenye uzi, analining'iniza kwenye msumari, na kupima urefu wa meta 1 kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe. Analivuta kidogo upande na kuliachia. Anahesabu mara 20 za kwenda na kurudi, huku mwenzake akiangalia saa. Kisha anafupisha uzi hadi sentimeta 25 na kurudia. Mwisho anabadilisha jiwe, anafunga jingine zito zaidi, na kurudia tena.

Vitabu vinasema kuwa kwa uzi wa meta 1, mara 20 za kwenda na kurudi huchukua sekunde 40 hivi, na kwa uzi wa sentimeta 25 huchukua sekunde 20 hivi. Maana yake ni kwamba urefu ukipungua hadi robo, muda unapungua hadi nusu. Uzito wa jiwe haubadilishi kitu. Hayo ni mambo ya kustaajabisha kwa kijana wa miaka 14, kwa sababu karibu kila mtu hudhani kuwa jiwe zito litakwenda mbio zaidi.

Sasa tuseme mwanafunzi amepata sekunde 38 badala ya 40. Katika darasa la kunakili atafuta 38 na kuandika 40, atapata vema yake, na mwalimu ataridhika. Katika darasa la sayansi ataandika 38, na mwalimu atamwuliza: ulianzaje kuhesabu? Hapo itagundulika kuwa alipoliachia jiwe alisema "moja", kabla jiwe halijaenda wala kurudi, na kwa hiyo alihesabu safari 19 akadhani ni 20. Kosa hilo ni dogo, lakini ni hazina. Kijana aliyeligundua mwenyewe hatalisahau, na siku atakapohesabu magunia ghalani ataanzia mahali panapostahili.

Yule aliyefuta 38 hakujifunza chochote juu ya jiwe na uzi. Alichojifunza ni kwamba wakubwa wana namba wanayoipenda, na kazi ya mdogo ni kuwaletea namba hiyo. Nani asiyejua mafunzo hayo yanakompeleka mtu? Ndiko zinakotoka taarifa za miradi iliyokamilika katika karatasi wakati kuta zake hazijafika kwenye linta. Ndiko inakotoka mizani ambayo daima humpendelea mnunuzi na kumwonea mkulima. Samaki mkunje angali mbichi. Taifa linalotaka takwimu za kweli kutoka kwa watumishi wake halina budi kuanza na daftari la majaribio la kidato cha kwanza.

ALAMA ZA KUPIKA

Wazo kwamba kazi ya kila siku ya mwanafunzi ihesabiwe, na kwamba mtihani wa mwisho usiwe hakimu peke yake, si geni kwetu. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alilaumu ukubwa uliopewa mitihani, akataka tathmini ya walimu na kazi ambayo mwanafunzi ameifanyia shule na jamii yake vitiliwe maanani pia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitilia mkazo mwelekeo huo, na kuanzia mwaka 1976 alama za maendeleo zikawa zinahesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho.

Shabaha ilikuwa njema. Mtihani wa saa tatu hauwezi kuonyesha kama kijana ana subira, kama ana mikono ya uangalifu, au kama anasema kweli wakati hakuna anayemtazama. Kazi za muhula mzima zinaweza. Lakini chombo chema kikishikwa vibaya huleta madhara, na si siri kwamba chombo hiki kimekuwa kikishikwa vibaya mahali pengi.

Walimu wanajua, na wanafunzi wanajua zaidi. Majaribio ya muhula mzima huandikwa kwa usiku mmoja kutoka ubaoni. Kazi mradi ya mwaka huu huwa ndiyo ya mwaka jana, ila jalada na jina vimebadilishwa. Makundi ya watu kumi hutoa taarifa kumi zinazofanana mpaka kwenye kosa la herufi, wakati kwa kweli watu wawili tu ndio waliogusa chombo. Na mwalimu mwenye mikondo mitano na mamia ya wanafunzi, anapodaiwa alama kabla ya Ijumaa, hujaza fomu kwa kukadiria. Kulikuwa pia na miaka ambapo mtihani wenyewe wa vitendo ulikuwa na mbadala wake wa kufanywa kwa karatasi na kalamu, kana kwamba mtu anaweza kujifunza kuogelea juu ya kitanda.

Hatusemi haya kwa ajili ya kuwadharau walimu. Mwalimu wa sayansi ni miongoni mwa watumishi wanaobeba mzigo mkubwa kuliko wengi, na upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati ni jambo ambalo Serikali yenyewe imelikiri mara kwa mara. Tunasema hivi kwa sababu alama ya uongo ni deni. Mwanafunzi hulilipa siku ya mtihani wa taifa, na wananchi hulilipa baadaye, wanapohudumiwa na mtu asiyejua alichothibitishwa kuwa anakijua.

YA KUTANGAZWA

Basi mwalimu atangaze nini wiki ya kwanza? Sisi tunapendekeza mambo matano, wala hatudhani kuwa yanahitaji waraka kutoka makao makuu.

Kwanza, daftari la majaribio. Kila jaribio liwe na tarehe, swali lililoulizwa, yaliyofanyika, yaliyoonekana, na maana yake. Namba ikikosewa ikatwe kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, isifutwe. Daftari lililo safi kupita kiasi lina haki ya kutiliwa shaka.

Pili, maswali. Mwanafunzi atarajiwe kuuliza kama anavyotarajiwa kujibu, na kicheko juu ya swali la mwenzake kiwe ni utovu wa nidhamu kama ulivyo utovu mwingine. Aruhusiwe kuliuliza swali lake kwa lugha ambayo ubongo wake unaitumia kufikiri. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala wake si wa leo. Lakini hakuna sheria inayomzuia mwalimu kumsikiliza kijana aliyeona kitu kwa macho yake na kukosa neno la Kiingereza la kukielezea.

Tatu, usalama na usafi. Hakuna kuonja kemikali. Asidi huongezwa ndani ya maji, kamwe maji hayamiminwi ndani ya asidi. Kila aliyetumia chombo akisafishe na kukirudisha mahali pake. Bika moja iliyovunjika kwa uzembe katika shule ya kata ni hasara ya wanafunzi wa miaka mingi.

Nne, zamu. Katika kila kundi kazi ya kushika chombo, ya kusoma kipimo na ya kuandika izunguke. Mahali pengi imekuwa desturi kwamba wavulana hushika bureti na hadubini, na wasichana hupewa kalamu kwa kuwa eti wana mwandiko mzuri. Serikali imejenga shule za wasichana za sayansi mikoani, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 umekuwapo ufadhili wa Samia kwa vijana wanaofaulu vizuri masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Juhudi hizo zitapungukiwa kama msichana wa kidato cha kwanza anafundishwa tangu mapema kwamba kazi yake ni kuandika yale ambayo mvulana ameyaona.

Tano, alama zenyewe. Mwanafunzi ajue tangu mwanzo namna zinavyogawanywa. Kwa mfano, jaribio la alama 10 linaweza kugawanywa hivi: 3 kwa kupanga kazi, 3 kwa kuandika vipimo vyote kama vilivyopatikana, 3 kwa kueleza kwa nini vimetofautiana, na 1 kwa usafi. Msomaji ataona kuwa katika mgawo huo hakuna hata alama moja iliyotengwa kwa kupata namba inayofanana na ya kitabuni. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Mwanafunzi asiponufaika na uongo hatakuwa na sababu ya kusema uongo.

KOPO LA MVUA

Wapo watakaosema kuwa haya yote yanataka vifaa, na vifaa hakuna. Ni kweli kwamba sekondari za kata, ambazo ziliongezeka kwa kasi kubwa kutokana na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, zilianza nyingi zikiwa hazina maabara. Ni kweli pia kwamba wananchi walijitolea kwa hali na mali katika kampeni ya kujenga maabara tatu kwa kila shule, iliyopamba moto kati ya mwaka 2012 na 2015. Jasho hilo lisiachwe lipotee. Chumba chenye bango la "Maabara" kilichogeuzwa kuwa stoo ya madawati ni tusi kwa wananchi waliochangia matofali yake.

Lakini sayansi haianzi na chumba. Maua mekundu ya rosela yakichemshwa hutoa maji yanayobadilika rangi yakitiwa ndimu, na kubadilika kwa namna nyingine kabisa yakitiwa magadi. Tone la aidini likidondoshwa juu ya kipande cha muhogo hugeuka kuwa bluu inayokaribia weusi, na hiyo ni dalili ya wanga. Mbegu 10 za maharage katika kopo lenye unyevu humtaka mwanafunzi aje kuzitazama kila siku kwa wiki mbili. Zikiota 7 aandike 7, na aanze kufikiri juu ya zile 3.

Kazi tunayoipenda kuliko zote ni ya kopo la mvua. Kopo lenye pande zilizonyooka linawekwa mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu hupima kwa rula kina cha maji, huandika milimeta zake, na kulimwaga. Mvua ya milimeta 1 juu ya eneo la meta 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la darasa lenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 8, yaani meta za mraba 160, likinyeshewa milimeta 10 hupokea lita 1,600. Wanafunzi wanaochota maji mtoni kwa ndoo watazielewa namba hizo haraka kuliko mtu yeyote. Watauliza: kwa nini shule yetu haina mfereji wa bati na tangi? Hilo nalo ni swali la sayansi, na kamati ya ujenzi haina budi kulijibu.

Zaidi ya hayo, daftari la mvua la mwaka mzima ni mali ya kijiji. Likisomwa katika mkutano wa kijiji, mkulima atajua mvua za kwanza zilianza lini hasa, na hatategemea kumbukumbu za mabishano. Hapo kazi ya darasani inakuwa ni kazi ya jamii, na maneno ya mwaka 1967 yanapata mwili. Nayo ni kazi isiyopikika kwa urahisi, kwa sababu kijiji kizima kilikuwepo mvua ilipokuwa ikinyesha, au ilipokuwa hainyeshi.

WAJIBU WETU

Wakati wa kuyafanya haya umefika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, na mitaala iliyoanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, inataka mwanafunzi apimwe kwa kile anachoweza kukifanya. Imeanzishwa mikondo miwili katika sekondari, wa jumla na wa amali. Tungependa kuonya kuwa neno amali lisiwe la mkondo mmoja peke yake. Mwanafunzi wa mkondo wa jumla asiyewahi kufunga jiwe kwenye uzi hatakuwa amesoma sayansi, hata kama anaweza kuitamka kanuni yake bila kukosea. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Wanaohusika na ukaguzi na uthibiti wa ubora wa shule wanapofika shuleni wasiridhike na faili la alama. Waombe madaftari matano ya majaribio, wayasome, na kuwaita wenye madaftari hayo waeleze walichokifanya. Wakuu wa shule wawape walimu wa sayansi vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80, ili jaribio lisikatwe na kengele. Halmashauri zihakikishe kuwa fedha za vifaa zinafika kwenye vifaa.

Viongozi wa Chama katika matawi na kata wana nafasi yao pia. Tumezoea kuulizana katika vikao ni vyumba vingapi vimejengwa, na swali hilo ni la lazima. Sasa tuongeze la pili: katika vyumba hivyo, ni majaribio mangapi yamefanywa na mikono ya watoto muhula huu? Kiongozi atakayeuliza hivyo asikubali jibu la "yote", bali aombe kuonyeshwa.

Na mzazi, ambaye ameuza kuku ili kupata sare na rimu ya karatasi, anaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama. Jioni mtoto anaporudi, mwulize leo umepima nini, na umepata ngapi. Akisema amepata 38 wakati kitabu kinasema 40, usimgombeze. Mwambie akueleze alivyohesabu.